Futi Nne kwa Nane

Ubao mzima wa plaiwudi, ule unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kote Marekani, una upana wa futi 4 na urefu wa futi 8. Kwa mita ni 1.22 kwa 2.44. Ulaze chini, na mtu mzima atajinyoosha juu yake na bado atabakiwa na mahali pa kuweka viatu. Usimamishe kwa ubavu, na mtu aliyeketi kitako atakuwa na nafasi ya kutosha juu ya kichwa. Kwa vipimo hivyo ndivyo inavyojengwa ile tela ndogo ya kulalia ambayo Wamarekani huiunda wenyewe uani na kuivuta kwa gari dogo. Sakafu ubao mmoja, ukuta wa kushoto ubao mmoja, wa kulia mmoja, na paa likajikunja kutoka mbele, likapanda, likateremka polepole hadi nyuma kama tone la machozi. Watu huliangalia umbo hilo wakadhani lilitoka kwa msanii. Mengi yake yalikwisha kuamuliwa na kiwanda cha mbao kabla fundi hajashika penseli.

Nataka kuusifu ufundi huu, na ninachokisifu hasa ni ubahili wake. Mbele ya wageni ubahili ni aibu. Kwenye tela itakayovutwa na injini ya lita moja na nusu ni adabu ya kazi. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya fundi huyu ni kilo. Wapo wanaoweka daftari kweli, wakaandika uzito wa kila kinachopanda: bawaba, mlango, godoro, dumu la maji. Hata kopo la rangi hupimwa kabla ya kupaka na baada ya kupaka, kwa kuwa kilichopungua koponi kimehamia ukutani na kesho kitavutwa mlimani.

Mwanzo wake ni miaka ya 1930, wakati uchumi wa Marekani ulipoporomoka na watu wakataka kutembea bila kulipia hoteli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yakawa rahisi zaidi. Alumini ambayo viwanda vya ndege za kivita vilikuwa vikiimeza ikabaki bila kazi, magurudumu ya jipu za jeshi yakauzwa kama mali chakavu, na vijana waliorudi kutoka vitani walijua kushika nyundo ya ribiti. Mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha michoro ya tela ya watu wawili ambayo mpaka leo watu wanaifuata. Kisha utajiri ukaja. Barabara kuu zikapanuliwa chini ya sheria ya mwaka 1956, injini zikanenepa, na tela zikawa nyumba zenye choo, jokofu na sebule. Tone likasahauliwa kwa muda mrefu, mpaka magari madogo yaliporudi barabarani, na bei ya hizo nyumba za magurudumu ikawafanya watu wa kipato cha kawaida waitazame tena michoro ya babu zao.

Msomaji wa Mwanza au Morogoro ana haki ya kuuliza: nani huyo anayejitaabisha hivi ili akalale porini kwa hiari yake? Sina jibu la kumridhisha. Kwetu tela hubeba matofali na magunia. Lakini akiutazama mkono wa kazi, akaacha dhamira ya safari, ataona jambo analolijua vizuri, la mtu kutengeneza kitu cha maana kwa vile vilivyopo.

Chukua suala la ukuta. Ubao wa plaiwudi wa milimita 18 una uzito wa karibu kilo 30. Kuta mbili na sakafu moja, tayari kilo 90, na hujaweka paa wala mlango. Fundi wa zamani alipunguza kwa kutoboa plaiwudi hiyo, akaacha mifupa, akajaza matundu kwa povu la kuzuia baridi na kuifunika kwa ubao mwembamba wa milimita 3. Hiyo bado ni njia nzuri. Wengine wakaenda mbele zaidi, wakaacha mbao karibu zote. Walichukua lile povu gumu la polistireni, la waridi au la buluu, linalobandikwa kwenye kuta za nyumba za nchi za baridi. Bamba lake la futi 4 kwa 8, nene inchi 2, lina uzito wa kilo 4 hivi. Mtoto analibeba. Tatizo ni kwamba ukilibonyeza kwa kidole linaingia, na ukilipaka rangi yenye tina linayeyuka mbele ya macho yako.

Hapo ndipo ninapouvulia kofia ufundi huu. Dawa waliyoipata ni turubai la pamba, lile ambalo wapaka rangi hulitandaza sakafuni ili wasichafue zulia. Povu hukwaruzwa kwa msasa lishike, hupakwa gundi ya mbao isiyoogopa maji, iliyozimuliwa kidogo, turubai likalazwa juu yake likingali na unyevu na kupapaswa kwa mkono mpaka makunyanzi yaondoke. Linapokauka linajikaza kama ngozi ya ngoma. Juu yake hupakwa rangi ya nje ya nyumba, ya maji, tabaka la kwanza jembamba ili lizame kwenye nyuzi, mengine juu yake. Wanaotaka nafuu zaidi hununua yale makopo yaliyochanganywa vibaya, ambayo mteja aliyakataa na duka likayashusha bei. Ndiyo maana utakutana na tela za kijani cha ajabu ambacho hakuna mtu mwenye akili timamu angekichagua. Na jambo lenyewe si geni hata kidogo: katika jimbo la Maine, mwishoni mwa karne ya 19, mitumbwi ya mbao ilikuwa ikivikwa turubai na kupakwa rangi, ikashuka mitoni miaka na miaka. Turubai likichanika kwa tawi la mti, hukatwa kiraka, gundi ikapakwa, rangi ikafuata, na asubuhi watu wakaendelea na safari. Ukuta wa kiwandani ukitoboka, utasubiri kipuri.

Kukata kuta mbili kuna siri yake, na siri ni kuzikata kama moja. Umbo huchorwa kwa ubao mwembamba unaopindishwa kati ya misumari michache, mkono ukifuata mpindo ambao mti wenyewe umeukubali. Ukiulazimisha mti pale usipotaka kupinda, jicho litaliona kosa hilo kila siku. Kisha kuta hubanwa pamoja kwa klampu, zikakatwa pamoja na kupigwa msasa pamoja. Hata ukiwa umekosea nusu inchi, umekosea pande zote mbili sawasawa, na paa halitajua. Mwenye pupa akikata moja leo na nyingine kesho, atakuja kuhangaika na paa lililokwenda mshazari, na hakuna silikoni ya kuficha hilo.

Paa nalo lina ukaidi wake. Ubao wa milimita 3 hupinda vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili, kutegemea nyuzi zake zimelala wapi. Fundi huulowesha maji, hukaa nao, hufunga mikanda na kuikaza kidogo kidogo, akaenda kunywa kahawa, akarudi akakaza tena. Akitumia povu, hukata mifereji myembamba kwa ndani, sambamba, ili lipate pa kujikunjia. Sehemu ya mbele ndiyo ngumu kwa sababu mpindo wake ni wa ghafla. Ya nyuma ni ya taratibu, na hapo ndipo penye kifuniko kinachoinuka juu kwa bawaba.

Chini ya kifuniko hicho kuna jiko. Mpishi husimama nje, ardhini, kifuniko kikiwa juu ya kichwa chake kama baraza ndogo. Huo ni uamuzi bora kuliko yote katika tela hii, maana urefu wa kusimama hupatikana bure, na moto haukai pamoja na usingizi. Jiko la gesi au la mkaa ndani ya kisanduku kilichofungwa ni kifo: hewa ya sumu ya moto haina harufu. Hata bila moto, watu wawili waliolala humo hutoa kwa pumzi na jasho nusu lita ya maji au zaidi kwa usiku mmoja, na maji hayo hutanda kwenye dari kama umande na kudondokea shingoni. Kwa hiyo tundu la hewa juu na jingine chini si anasa. Ndicho kitu cha pekee ambacho bahili haruhusiwi kukifanyia ubahili.

Mvua nayo hupita kwenye maungio. Hilo fundi wa majahazi wa Lamu analijua, naye huziba kwa kalafati, pamba na mafuta, akigonga ufa baada ya ufa. Fundi wa tela ana utepe wa mpira na kifereji kidogo cha alumini pembeni mwa kifuniko cha nyuma. Tela nyingi zinazovuja huvujia hapo.

Sasa gari lenyewe. Kuna jambo ambalo huwashangaza watu: Honda Fit, ilipokuwa ikiuzwa Marekani, kitabu chake cha huko hakikuiruhusu kuvuta tela ya aina yoyote. Gari hilohilo liliuzwa Uingereza kwa jina la Jazz, na kitabu cha huko kikaliwekea kiwango chake cha kuvuta. Sababu moja iko kwenye desturi za barabara. Wamarekani hupenda asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikandamize nyuma ya gari, nao huendesha kwa kasi. Waingereza huridhika na asilimia 5 hadi 7, na Ujerumani kasi ya kawaida kwa gari lenye tela ni kilomita 80 kwa saa. Uzito wa mbele huituliza tela, na tela tulivu inaweza kwenda kasi. Lakini uzito huohuo hulemea springi za nyuma za kigari na kuinua magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoongoza na kuvuta. Ushauri wangu ni mfupi: fuata kitabu cha gari lako na cha nchi uliyomo, na kama kinakataa, tafuta gari jingine kwanza. Bima haisomi kitabu cha Uingereza.

Kupima uzito huo hakuhitaji mashine. Ile mizani ya bafuni inatosha. Tela ikiwa imepakiwa kila kitu, maji yakiwemo, mkono wake wa mbele huwekwa juu ya mizani kwa kipande cha mti kilichosimamishwa, kwa kimo kilekile cha gari, na namba husomwa. Tela ya kilo 350 iliyojengwa Kimarekani inatakiwa isome kilo 35 au zaidi. Ikisoma 10, kuna mtu amejaza vyakula vya makopo jikoni, nyuma ya ekseli. Tela ya namna hiyo huanza kuyumba barabarani, kidogo, kisha zaidi, na kila inavyoyumba inalivuta gari upande wa pili. Wanaojua hawakanyagi breki kwa nguvu wala hawakati usukani. Huondoa mguu kwenye mafuta na kushika usukani sawasawa mpaka itulie. Kisha husimama pembeni na kuhamisha makopo.

Umeme sina haja ya kuusifu sana. Nyaya ni nne: nyeupe ya kurudisha umeme, kahawia ya taa za nyuma, njano ya indiketa ya kushoto pamoja na breki, kijani ya kulia. Taa zikifanya vituko, anza na nyeupe, kwa sababu mara nyingi imefungwa kwenye chuma chenye kutu au chenye rangi.

Magurudumu yanastahili neno zaidi. Fremu za bei nafuu, zile zinazouzwa kwenye maboksi na kuunganishwa kwa boliti, wakati mwingine huja na magurudumu ya inchi 8. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule, na beringi yake hupata joto upesi. Mtu akitaka kubana fedha, na abane kwenye pazia na kabati, anunue ya inchi 12 na kopo la grisi nzuri. Kila anaposimama kujaza mafuta aweke kiganja kwenye kitovu cha gurudumu. Vuguvugu ni sawa, kikimchoma, asiondoke.

Kazi ikiisha, bado serikali haijaiona. Majimbo mengi ya Marekani yanaitambua tela iliyojengwa nyumbani, kila moja kwa utaratibu wake. Mara nyingi mwenyewe huipeleka ikakaguliwe, akiwa na risiti za fremu, taa, mbao na vyuma, ili ofisi ijiridhishe kwamba hakuna kilichoibwa. Hupewa namba ya utambulisho ya kubandika au kupigilia ribiti kwenye fremu. Pale ambapo tela nyingine huandikiwa jina la kiwanda, hii huandikiwa kwamba imetengenezwa nyumbani, na mwaka wa kutengenezwa huwa ni mwaka ule alioikamilisha. Gundi, turubai na lile kopo la rangi ya kijani pia vina risiti, na karani akiwa mchovu ataziomba zote.