Kipande cha Sunday Manara

Hapa Tanga hatuna haja ya kuelezana maana ya kipande. Katika mashamba ya mkonge, manamba alipewa kadi, na kila alipomaliza kazi ya siku, kadi hiyo ilitiwa alama. Siku 30 zikitimia ndipo alipolipwa. Ulikuwa utaratibu mkali, wala siusifu. Lakini kadi ile haikuuliza nani anashangiliwa. Iliuliza nani amefanya kazi. Wasimulizi wetu wa mpira wangefaa kuazima swali hilo.

Tuchukue habari za Sunday Manara, yule aliyeitwa Kompyuta. Husimuliwa kwa mambo mawili. La kwanza ni bao la Agosti 1974 katika uwanja wa Nyamagana, Mwanza, lililoipa Yanga ushindi wa 2–1 dhidi ya Simba katika muda wa nyongeza. La pili ni kwamba alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza mpira wa kulipwa Ulaya, alipojiunga na Heracles ya Almelo, Uholanzi, mwaka 1977. Baada ya hapo simulizi hukatika, kana kwamba mtu alipanda ndege akayeyukia angani.

Kumbe hapo ndipo kazi ilipoanza. Heracles ya wakati ule haikuwa Ajax. Ilikuwa timu ya daraja la pili. Kutoka Almelo akaenda Marekani kuchezea New York Eagles, katika ligi ndogo kuliko ile aliyoichezea Pele. Kisha akaenda Sankt Veit huko Austria, na baadaye Al Nasr ya Dubai. Nchi nne, lugha nne, na kila mahali kuanza upya kujulikana.

Kumsifu kwa kuwa wa kwanza tu ni kumsifu mtu kwa kuvuka kizingiti, huku tukisahau alichofanya ndani ya nyumba. Atatokea wa kusema kuwa hizo zilikuwa timu ndogo. Ni kweli, nami sidai kwamba alikuwa nyota wa Uholanzi. Nasema alitoka katika mpira wa ridhaa, akaenda kuuza ujuzi wake mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyemtangulia wa kumwonyesha njia.

Hata huko Ulaya, uhuru wa mchezaji kujiamulia safari ulikuwa bado mchanga. Ufaransa, mkataba ulimfunga mchezaji kwa klabu yake hadi umri wa miaka 35, na mfumo huo ulivunjwa mwaka 1969 tu. Raymond Kopa, mtoto wa mchimba makaa aliyepata Mpira wa Dhahabu mwaka 1958, alitamka mwaka 1963 kwamba wachezaji ni watumwa. Ikiwa nyota kama yeye alilalamika, mchezaji wa kawaida alikuwa na sauti gani?

Kasoro hii ya kusimulia haikwisha na zama za Manara. Mbwana Samatta alipotua Aston Villa Januari 2020, nchi nzima ilisimama. Alipoendelea na safari, Fenerbahçe, Antwerp, PAOK, tukaanza kusema ameshuka. Lakini PAOK ilitwaa ubingwa wa Ugiriki mwaka 2024 naye akiwamo. Sisi ndio tuliokuwa tumekwisha kufunga daftari.

Jambo hili linatugusa wa Tanga. Coastal Union yetu tunaikumbuka kwa ubingwa wa 1988, na ni haki yake. Lakini vijana wanaofanya mazoezi Mkwakwani, wengi wao hawatafika Villa wala hawatashika kombe. Wenye bahati watapata timu ndogo katika mji usiotajwa redioni, watalipwa, watasomesha wadogo zao, kisha watahama. Tukiwafundisha kwamba hiyo ni aibu, tutawavunja moyo kabla hawajafunga viatu. Heri tuwahesabie siku zao za kazi, kama ilivyostahili kuhesabiwa ile kazi ya Manara.