Gharama ya nyumba huamuliwa kwenye ramani

Mtu akitaka kujenga, swali lake la kwanza huwa hili: nyumba ya vyumba vitatu ni shilingi ngapi? Fundi atakisia, jirani atataja alichotumia yeye, na wote wawili wanaweza kumpotosha kwa mamilioni bila nia mbaya. Idadi ya vyumba haisemi lolote kuhusu urefu wa kuta, mwinuko wa paa wala udongo ulio chini ya msingi, na huko ndiko fedha zinakokwenda.

Tuchukue ramani mbili za nyumba isiyo ya ghorofa, pembezoni mwa Dar es Salaam. Zote zina mita za mraba 120 na vyumba vile vile. Ya kwanza ni mstatili wa mita 10 kwa 12. Ya pili imechorwa ndani ya mstatili wa mita 14 kwa 12, kisha kona zote nne zikaingizwa ndani ili sura ipendeze. Eneo la sakafu ni lile lile. Lakini ukizungusha futikamba nje ya ukuta, ya kwanza inatoa mita 44 na ya pili mita 52. Kona nazo zimetoka 4 zikawa 12.

Mita hizo 8, kwa ukuta wa kimo cha mita 3, ni mita za mraba 24. Tofali za inchi 6 zikisimamishwa, mita moja ya mraba inakula tofali 9 au 10, kwa hiyo hapo zimeshaongezeka zaidi ya 200. Zikilazwa, mita hiyo hiyo inakula 12 au 13, na nyongeza inafika 300. Tena ukuta hauji peke yake. Unakuja na msingi wake, lenta yake, plasta ya ndani na nje, na rangi. Fundi anayelipwa kwa idadi ya tofali naye atadai chake, na kila kona inamchelewesha, maana lazima apige timazi upya.

Tupande juu. Paa la mwinuko wa nyuzi 30 juu ya mita za mraba 120 linahitaji takriban mita za mraba 139 za bati, kabla ya kuhesabu ukingo unaotokeza nje ya ukuta. Likiinuliwa hadi nyuzi 45, zinakuwa 170. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 20, na mbao za kenchi zinarefuka pamoja nalo. Zile kona zilizoingia ndani zinaleta gharama nyingine: kila moja inazaa mfereji pale miteremko miwili ya paa inapokutana. Hapo bati hukatwa mshazari, vipande vinatupwa, na hapo ndipo paa huanza kuvuja kazi ikilipuliwa. Paa la kuficha linapunguza mwinuko, lakini linataka ukuta wa ziada kulizunguka na njia za maji zilizojengwa kwa umakini.

Sasa turudi ardhini, kwenye kiwanja chenyewe. Wanaojenga Goba, Kimara au Mbezi wanaijua milima yake. Nyumba yetu ya mstatili ikikaa kwenye mteremko unaoshuka mita 1.5 kutoka mwanzo hadi mwisho wake, nafasi ya kujaza chini ya jamvi ni mita za ujazo 90. Hizo ni safari 9 za lori la mita za ujazo 10, na zitazidi, kwa kuwa kifusi hupungua kikishindiliwa. Upande wa chini msingi nao lazima uinuke na uwe imara wa kutosha kuzuia kifusi hicho kisiusukume nje. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, itabidi kuchimba hadi ardhi ngumu au kuuondoa na kuleta udongo mwingine. Kiwanja cha bei nafuu kinaweza kuidai nafuu hiyo yote kabla tofali la kwanza la boma halijapangwa.

Vyoo navyo vina hesabu yake. Kila chumba kikiwa masta, kila choo kinataka mabomba, chemba, vigae vya ukutani, mlango na fundi wake. Vikipangwa kwa kupeana mgongo, ukuta mmoja unabeba mabomba ya vyoo viwili. Vikitawanywa pembe nne za nyumba, mabomba yanaizunguka nyumba nzima. Na aliyekumbuka kuhamisha choo baada ya jamvi kumwagwa atalipa mara tatu: kupasua, kulaza bomba upya na kuziba.

Boma likisimama, wengi huamini nusu kubwa ya safari imekwisha. Mara nyingi bado: dari, umeme, madirisha ya alumini, grili, milango ya mninga, vigae na makabati vinaweza kula kiasi kama kile kilichotangulia au zaidi. Hata hivyo, huku kwenye umaliziaji mwenye nyumba bado ana uhuru. Vigae vya bei ya kati vinaweza kubadilishwa baada ya miaka kumi. Urefu wa ukuta na mwinuko wa paa havibadilishwi.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akibana palipokwisha kuamuliwa: nondo nyembamba kuliko ilivyochorwa, mfuko mmoja wa saruji unaolazimishwa kutoa tofali nyingi kupita kiasi, zege lisilomwagiwa maji. Akiba hiyo ni ndogo, na hatari yake wataishi nayo watoto. Kama fedha haitoshi, punguza mita za mraba, nyoosha kona, shusha paa. Kabla ya kuchagua ramani, mlipe mkadiriaji majenzi akuhesabie kila moja: urefu wa kuta, eneo la paa, ujazo wa kifusi, idadi ya vyoo. Ada yake inauma mara moja. Kufuta mstari kwenye karatasi kunagharimu dakika chache. Kuubomoa ukuta ule ule kunagharimu saruji, siku za mafundi na imani ya familia kwamba nyumba itakwisha.