Rakuni au Dubu Mwoshaji?

Mfasiri akutanapo na mnyama asiyepatikana katika nchi zetu huwa na njia mbili: kulitohoa jina lake, au kuifasiri maana yake. Njia ya pili husifiwa kuwa ndiyo yenye Uswahili zaidi. Twataka kuipima sifa hiyo kwa mnyama mmoja wa Marekani, yule mwenye baka jeusi usoni na mkia wa pete.

Wajerumani humwita Waschbär, yaani dubu mwoshaji. Wajapani nao, araiguma, wamesema vivyo hivyo. Kwa Wafaransa ni panya mdogo aoshaye. Ni majina yanayoeleweka upesi, lakini yanaeleza uongo. Mwaka 1758 Linnaeus alimweka mnyama huyu pamoja na dubu, akamwita Ursus lotor. Mwaka 1780 Storr alimtoa humo na kumpa jenasi yake, Procyon; neno lotor, ‘mwoshaji’, likabaki. Basi si dubu, wala si panya. Na kuosha je? Tabia ya kutumbukiza chakula majini imeonekana hasa kwa wanyama waliofungiwa. Porini hupapasa kingo za mito akitafuta kaa na vyura, na kiungo chake kikuu cha utambuzi ni viganja.

Hilo wenyeji walilijua zamani. Neno la Kiingereza limetoka katika lugha ya Wapowhatan wa Virginia, ambako John Smith alijaribu kuliandika mwaka 1608, na maana yake ni ‘akwaruzaye kwa mikono’. Waazteki walimwita mapachtli, ‘ashikaye vitu kwa mikono’, na ndilo mapache la Kihispania. Lugha mbili zisizo na udugu, na zote zimetazama mikono! (Lugha ya Wapowhatan imekwisha kunyamaza, neno lao lingali likisemwa.)

Kwa hiyo anayependekeza ‘dubu mwoshaji’ hafasiri maana ya jina la asili. Anafasiri kosa la Ulaya. Anayeandika ‘ngawa’ amefanya vibaya zaidi, kwani ngawa ni mnyama wetu halisi, na mwanafunzi ataamini kuwa anazagaa mitaani Chicago.

Sisi twaona rakuni latosha. Katika vitabu vya shule liongezwe sentensi moja ya maelezo mara litokeapo kwanza, na upatanisho uwe wa viumbe hai: rakuni huyu, rakuni hawa; si marakuni.