Kwa Haki ya Nani?

Mwaka 2016 nilimsomea bibi yangu hukumu yake tukiwa tumekaa chini ya mbuyu, nje ya nyumba yake huko Chamwino. Ng'ombe walikuwa wameingia shambani mwake na kula uwele uliokaribia kuvunwa. Mahakama ya mwanzo, iliyosikiliza shauri kwa Kiswahili, ilitupa madai yake ya fidia. Akakata rufaa. Hukumu ya rufaa ikaja kwa Kiingereza, na katika ukoo mzima mimi ndiye niliyekuwa nimefika chuo kikuu.

Nilikwenda vizuri mpaka nilipokutana na neno "rightly". Hakimu aliandika kwamba mahakama ya chini "rightly" ilikataa madai. Nikatafsiri bila kufikiri: "Mahakama ilikataa madai yako kwa haki."

Bibi akanitazama. "Kwa haki ya nani, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile.

"Rightly" ni neno lenye harufu ya kizamani. Leo utalikuta zaidi kwenye hukumu, tahariri na vitabu vya historia kuliko midomoni mwa watu. Linasema mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtu alitenda jambo, na kwamba hakukosea kulitenda. La kwanza ni habari. La pili ni hukumu ya mwandishi mwenyewe, lakini imepenyezwa katikati ya habari, na msomaji aliye mbioni huimeza bila kutafuna.

Kiswahili hakinipi neno moja la kufanya kazi hiyo. "Kwa haki" hueleza namna: hakimu aliyeamua kwa haki ni yule aliyesikiliza pande zote na hakupokea rushwa, hata kama sheria yenyewe aliielewa vibaya. "Ipasavyo" hupima utendaji. Nikisema mahakama ilikataa ipasavyo, ni kama naisifu kwa ustadi wa kukataa. "Kihalali" huuliza tu kama sheria inaruhusu, nasi tunajua kwamba hata kodi ya kichwa ya mkoloni ilikuwa halali kwa sheria yake. Nikitaka kuwa mwaminifu kwa "rightly", lazima nivunje sentensi: mahakama ilikataa madai, na haikukosea.

Wapo watakaosema huu ni upungufu wa lugha yetu. Nadhani ni ulinzi. Hukumu ikishapewa sentensi yake yenyewe, inaonekana, na kinachoonekana kinaweza kuulizwa. Haikukosea kwa nini? Nani kasema?

Tatizo hili Shakespeare alilijua. Katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, iliyochapishwa mwaka 1969, Shylock anamsifu hakimu kwa uadilifu wake wakati shauri likimwendea vizuri. Shauri linapogeuka, mpinzani wake anamrudishia sifa zile zile kwa kejeli. Hakimu hajabadilika. Aliyebadilika ni anayeshinda.

Nilikumbuka mbuyu ule Februari 1, 2021. Siku ya Sheria ilikuwa ikiadhimishwa hapa Dodoma, na Rais John Magufuli akatangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika hukumu ya Mahakama Kuu kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge likapitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Nilifurahi. Bado nafurahi.

Ila furaha yangu ina sharti. Tukihamisha msamiati na kuacha tabia, tutakuwa tumebadili nguo tu. Hukumu inayosema mahakama ya chini "ilikuwa sahihi kabisa", kisha ikaruka kwenda aya nyingine, imefanya kosa lile lile kwa Kiswahili. "Kabisa" haijawahi kuwa sababu. Lugha ya mwananchi inamfaa mwananchi pale inapomwonyesha njia ambayo hakimu alipita mpaka akafika alipofika.

Hapo lazima nijishtaki na mimi. Hakimu wa bibi alikuwa ametoa sababu. Ilikuwa ukurasa wa tatu: hakuna shahidi hata mmoja aliyewaona ng'ombe wa mdaiwa ndani ya shamba, walioitwa walikuta nyayo tu na mabua. Mimi, kwa haraka ya kuonekana najua Kiingereza, nilikuwa nimekimbilia neno zito na kuiruka sababu. Bibi aliposema vile, nilirudi nyuma nikamsomea sehemu hiyo taratibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakukubali, alisema kila mtu pale kijijini anawajua ng'ombe wale. Lakini sasa alijua ameshindwa kwa jambo gani, na jambo hilo aliweza kulishika mkononi.

Msimu uliofuata ng'ombe waliingia tena. Kabla hajawafukuza, alipiga kelele akawaita majirani wa pande zote mbili waje waone.