Mji Usiochimbika

Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliingia Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka kaskazini, ikaukata mji katikati, ikaenda kuzimikia ndani ya Ziwa Kivu. Njiani ilikutana na hospitali changa, iliyokuwa na umri wa miaka miwili tu. Ilianzishwa na daktari wa upasuaji wa mifupa, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn, chini ya shirika lililoitwa DOCS. Sehemu kubwa ya majengo yake iliteketea. Waanzilishi hawakuhama mji. Walijenga upya, na leo hospitali hiyo inajulikana kwa jina la HEAL Africa.

Mjenzi anayepewa kazi ya namna hiyo hukabiliwa na swali ambalo wenzake wa Nairobi au Dar es Salaam hawajawahi kuulizwa: kiwanja chenyewe kiko wapi? Hati inaonyesha mipaka, lakini ardhi iliyopimwa imelala chini ya mwamba mpya. Je, auondoe mwamba ashuke hadi udongo wa zamani, au aukubali kuwa ndio ardhi?

Hesabu ndiyo inayotoa jibu. Lava ya 2002 ilikuwa na unene wa mita 1 hadi 2 sehemu nyingi za mji. Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye lava ya mita moja na nusu: hizo ni mita za ujazo 600, karibu tani 1,500. Jiwe likivunjwa huvimba kwa kiasi cha nusu kwa sababu ya nafasi baina ya vipande, kwa hiyo lori la mita za ujazo 10 litakwenda na kurudi mara 90. Kisha mzigo huo umwagwe wapi, wakati kila jirani naye ana wake wa kumwaga? Kwa duka la kawaida hesabu hiyo inazidi bei ya kujenga. Mji ukapanda juu. Katikati ya Goma ghorofa ya kwanza ikawa chumba cha barazani, na sebule ya jana ikawa ghala lililozikwa, ambalo mwenyewe alilifikia kwa kutoboa sakafu au hakulifikia tena.

Tabia ya lava yenyewe ilisaidia. Ile ya Nyiragongo ina silika kidogo, takriban asilimia 40, ndiyo maana hukimbia kama maji ya uji mwepesi. Mwaka 1977 ziwa lote la lava lilimwagika kutoka kreta kwa muda usiofika saa moja. Lava nyepesi haina tabia ya kusukuma ukuta na kuuangusha. Huingia mlangoni, hujaza chumba, huchoma mbao za paa. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu lilibaki hivyo miaka mingi: kuta zimesimama, paa hakuna, na ndani sakafu ni jiwe jeusi. Aliyetaka kukarabati jengo la aina hiyo alidanganyika kirahisi, kwa sababu ukuta uliosimama unaonekana mzima. Lakini zege lililopikwa hupoteza nguvu na nondo zilizo ndani yake hulegea. Kulibomoa huwa ni uamuzi wa busara kuliko kulipiga plasta.

Basi mwashi anaanzia juu ya jiwe. Watu wa pande hizi huyaita mawe hayo makoro, neno linalosikika pande zote mbili za mpaka wa Goma na Gisenyi ya Rwanda. Kwa kubeba mzigo makoro hayana mpinzani. Nguzo ya jengo la ghorofa tatu haiyatishi hata kidogo. Shaka iko kwingine. Lava hupoa kuanzia juu, na chini ya ganda lake mara nyingine hubaki uwazi, mapovu makubwa au hata mifereji mitupu ambamo uji wa moto ulipita na kuisha. Fundi mzoefu hugonga uso wa jiwe kwa mtarimbo na kusikiliza. Mlio mkavu unaridhisha. Mlio wa ngoma unamsimamisha. Kwa nyumba ya familia sikio linaweza kutosha. Kwa hospitali, benki au hoteli halitoshi: panapokuja kitako cha kila nguzo patobolewe tundu kadhaa, na uwazi ukipatikana ujazwe zege jepesi kabla ya kazi nyingine yoyote.

Uso wa jiwe pia haujanyooka. Kuusawazisha wote ni kazi ya bure, kwa hiyo msingi unafuata ngazi za mwamba, kila kitako kwa kina chake, na nondo fupi hupigwa ndani ya matundu ili jengo lishikane na jiwe badala ya kukaa juu yake kama sahani juu ya meza. Kuna mahali pamoja pa hatari ambapo wajenzi wengi hawapatazami vya kutosha, napo ni ukingo wa mtiririko. Jengo refu la shule au la ofisi likilaza nusu yake juu ya lava na nusu juu ya udongo wa kale, upande wa udongo utatitia kidogo na upande wa jiwe hautasogea. Ufa utakaotokea hapo hauzibwi kwa rangi. Dawa yake ni kulifanya majengo mawili yanayopakana, na kati yao kuacha nafasi ya vidole viwili kutoka msingi hadi paa.

Hayo yote, hata hivyo, ni mepesi yakilinganishwa na jambo ambalo michoro mizuri hulisahau: choo.

Goma haina mtandao wa kukusanya maji taka, na haichimbiki. Dunia ililijua hilo Julai 1994, wakimbizi karibu milioni moja kutoka Rwanda walipoingia Goma na vitongoji vyake. Kambi ziliwekwa juu ya mwamba wa volkano, vyoo havikuweza kuchimbwa, maji ya kunywa yakachafuka, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu katika wiki chache. Hata makaburi yalishindikana kwa jembe. Ilibidi zije mashine. Vyoo vilivyofaa kambini vilikuwa vile vilivyoinuliwa, vyenye tangi juu ya ardhi na ngazi za kupandia. Sura yake haikupendeza, lakini vilikuwa jibu sahihi la kihandisi, na mpaka leo katika mitaa mingi ya mji mtu hupanda kwenda msalani.

Taasisi haiwezi kumpandisha mgonjwa mwenye mguu uliovunjika ngazi sita. Kwa hiyo mjenzi hulipandisha jengo zima. Chukua wodi ambayo bafu lake liko mita 30 kutoka tangi la maji taka, au fosi, kama wanavyoliita Goma. Bomba linahitaji kushuka sentimeta 2 kwa kila mita, hivyo linaposafiri mita 30 limekwisha kushuka sentimeta 60. Ongeza kina cha tangi lenyewe, ambalo kwa kuwa limegoma kuingia ardhini limejengwa kwa zege na nondo, nusu ndani ya jiwe na nusu nje. Sakafu ya wodi lazima iwe juu ya hayo yote. Ndipo unapoelewa kwa nini fundi wa Goma huanza na mahali pa fosi, akaja na kimo cha sakafu, na mwisho akauliza mlango utakuwa wapi. Msanifu aliyetoka mji wenye udongo huanza na mlango.

Halafu kuna mazuku. Neno hili la Kiswahili cha Kivu, lenye maana ya upepo mbaya, limekwisha kuingia katika lugha ya wanasayansi wa volkano duniani, heshima ambayo maneno yetu machache yameipata. Ni hewa ukaa inayotoka ardhini kupitia nyufa na kutuama mabondeni, hasa magharibi ya mji, kuelekea Mugunga na kandokando ya ziwa. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, haina rangi, na huua mbuzi, mbwa na watu. Kwa mjenzi, shimo lolote lililoachwa wazi usiku ni bakuli la kuikusanyia. Kibarua anayeshuka asubuhi kuendelea na kazi anaweza asipande tena, na anayeshuka kumwokoa akamfuata. Kipimo cha hewa ni cha lazima. Mshumaa ulioshushwa kwa kamba ukizimika, hewa hiyo tayari ni ya hatari. Ghorofa ya chini ya ardhi ya kuegeshea magari, ambayo mwekezaji wa Kampala angeitaka bila kufikiri, upande huo wa Goma ni wazo la kukataa. Jengo likisimama, sakafu inahitaji zege lisilo na nyufa na kila bomba lizibwe pale linapopenya, kwa kuwa mazuku hupanda hata kupitia tundu la waya.

Kuhusu kuta, jiwe liko kila mahali na bei yake ni jasho. Vijana hulivunja kwa nyundo na patasi wakifuata nyufa ambazo lava ilijipasua yenyewe ilipokuwa inapoa. Chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, hubeba kilo mia kadhaa kwa safari moja. Ukuta wa makoro unapendeza, hauungui, hauliwi na mchwa. Tatizo ni uzito. Ukuta wa unene wa sentimeta 40 na kimo cha mita 3 una karibu tani 3 kwa kila mita ya urefu. Wa matofali ya saruji yenye matundu, unene wa sentimeta 15, una karibu robo yake. Tetemeko huvuta jengo kwa kadiri ya uzito wake.

Nalo tetemeko si hadithi. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ilitikisika siku mfululizo, nyufa zikapita barabarani na ndani ya nyumba, Goma na Gisenyi pia. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya mji ihame. Katika hali kama hiyo ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa saruji peke yake hufunguka pembeni kama boksi. Wenye kujenga kwa uangalifu huyatumia makoro chini, kwenye msingi na ukuta wa mita ya kwanza, na juu huweka fremu ya nguzo na mkanda wa zege unaozunguka jengo zima, shenaji kwa lugha ya mafundi wa huko, wakijaza katikati kwa matofali mepesi. Paa ni la manjanja, yaani mabati. Jiwe zito likae mahali ambapo haliwezi kumwangukia mtu: uamuzi huo mmoja una thamani kuliko mapambo yote ya uso wa jengo.

Saruji ni habari nyingine. Mji uliokalia jiwe la bure hununua kiungo cha kulishikanisha nje ya nchi, kutoka Hima karibu na Kasese nchini Uganda au Cimerwa ya Bugarama nchini Rwanda, kwa kuwa viwanda vikubwa vya Kongo viko magharibi kabisa na barabara ya kufika huko haipo. Mchanga nao ni wa kutafuta, maana Goma haina mto. Mpaka ukifungwa wiki moja, shantye, yaani sehemu za ujenzi, zinalala.

Mahali pamoja lava haikuweza kukubaliwa kuwa ardhi: uwanja wa ndege. Njia ya kurukia ilikuwa na mita 3,000. Lava ya 2002 ilifunika takriban kilomita 1 upande wa kaskazini, ikalitenga jengo la abiria na maegesho ya ndege. Ndege haiwezi kupandishwa ghorofani. Ukichukua upana wa mita 45, ulio wa kawaida kwa ndege kubwa, na unene wa mita 2, njia peke yake inakuwa na mita za ujazo 90,000 za mwamba, kabla ya kuhesabu pembezoni. Uwanja uko juu sana, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji mwendo mrefu ili kupaa. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kupaa, ikapita mwisho wa njia na kuangukia Birere, mtaa wa soko. Hapo ufupi wa njia ukaacha kuwa suala la wahandisi peke yao.

Kazi ya kuondoa jiwe ilikwenda kwa vipande, kwa miaka, hadi mwaka 2015 Benki ya Dunia ilipoidhinisha dola milioni 52 kwa usalama wa uwanja huo, kuanzia njia ya ndege hadi mnara wa kuongozea. Lava ya 2021 ilipokuja ilisimama Buhene, karibu na uzio. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, na safari za kawaida za abiria zikasimama. Msafiri wa Goma mwenye tiketi akawa anavuka mpaka kwa miguu na kushika barabara ya Kigali.