Themostati Haikuwa na Kosa

Kazi yenyewe mnaijua, kwa hiyo sitaieleza kwa marefu. Toyota ya turbo, iwe ya 3S-GTE au 1JZ, inaingia garaji hapa Kolwezi kwa sababu mshale wa joto unapanda kila gari linapokimbizwa kwenye barabara ya Likasi. Inatoka na rejeta ya alumini yenye unene karibu mara mbili ya ile ya kiwandani, feni mbili za umeme, hozi za silikoni na kifuniko kipya. Yote hayo ni mema, na kwa leo yatosheke na sentensi hiyo. Halafu, kazi ikikaribia kuisha, kasha la themostati likiwa wazi na nati zikiwa mkononi, fundi anaitoa themostati, anaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu na kufunga kasha tupu. Ukimuuliza, jibu liko tayari: sasa maji yatapita bila kizuizi. Kazi ya mamia ya dola imeharibiwa kwa kitendo cha dakika tano, na mwenye gari anaondoka akishukuru.

Themostati, au kalorstati kama mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa wanavyoiita, ni kopo dogo lenye nta ndani. Nta ikipata joto inavimba na kusukuma vali. Ile ya 3S-GTE huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na joto likifika nyuzi 95 vali lazima iwe imenyanyuka milimita 8 au zaidi. Hadi hapo hakuna ubishi. Kinachosahaulika ni kwamba themostati ya aina hii ina milango miwili. Wa kwanza unafungua njia ya maji yanayotoka kwenye rejeta. Wa pili, kile kisahani kilicho chini ya mguu wake, unaziba njia ya mchepuko, yaani ile njia fupi ambayo maji ya moto huitumia kurudi kwenye pampu bila kuonja rejeta wakati injini bado baridi. Milango hiyo iko kwenye shina moja: mmoja ukifunguka, mwingine unafungwa. Ukiing'oa themostati umeufungua wa rejeta, sawa, lakini umeuacha wazi na wa mchepuko, tena moja kwa moja. Maji hayana uaminifu kwa rejeta uliyoilipia. Yakipewa njia mbili, sehemu yake itashika njia ya mkato. Pampu inayachukua yakiwa yametoka kwenye silinda hedi na kuyarudisha humo humo yakiwa bado moto. Mjini, gari likitambaa kati ya pikipiki, huoni kitu. Likikanyagwa, turbo ikijaa na mzigo ukipanda, ndipo deni linapodaiwa. Vitabu vya ufundi vya Toyota vimelisema jambo hili bila kuzungusha: usiitoe themostati hata kama injini ina tabia ya kuchemka, kwa sababu uwezo wa kupoza utashuka. Onyo hilo lingewekwa kwa ajili ya nani, kama si kwa ajili ya fundi aliyeshika nati mkononi?

Nakiri kwamba upande wetu, sisi tunaoitetea themostati, una hoja moja mbovu inayopaswa kuzikwa. Ni ile isemayo kwamba bila themostati maji hupita haraka mno kiasi kwamba hayapati nafasi ya kuacha joto lake kwenye rejeta. Si kweli. Maji yakienda haraka hukaa muda mfupi kila mzunguko, lakini pia hurudi mapema zaidi, na rejeta inabaki na moto kutoka juu hadi chini, jambo linaloongeza joto linalotolewa hewani. Kama mkondo wote ungepita kwenye rejeta, kasi ingekuwa neema. Tatizo ni kwamba haupiti wote. Wale wanaojibu kwamba magari ya mashindano hayana themostati wanasema nusu ya habari. Timu inayoitoa huziba mchepuko, huweka sahani yenye tundu lililopimwa mahali pake, huipasha injini moto kabla ya kuanza, na huifungua injini hiyo baada ya mashindano machache. Fundi wetu amechukua hatua ya kwanza akaziacha nyingine zote, mithili ya mtu aliyeiga kunyoa kwa wembe bila kununua sabuni.

Ushahidi mkubwa wa upande wa pili ni geji. Tuliitoa, wanasema, na mshale ukashuka. Lakini geji ya dashibodi katika Toyota nyingi haikutengenezwa ili kusema ukweli wote. Mshale hukaa katikati katika eneo pana la joto ili mwenye gari asihangaike, na unapoanza kupanda mambo yameshaharibika. Pia sensa hupima maji yanayoigusa, mahali ilipo tu. Mvuke ukijikusanya juu ya silinda hedi na kuizunguka sensa, geji inaweza kuonyesha utulivu huku chuma kilicho karibu na vali za ekzosi kikiungua. Anayetaka kujua kama rejeta yake inafanya kazi apime joto la hozi ya kuingia na la hozi ya kutoka gari likiwa chini ya mzigo. Mshale ulioshuka ukiwa unaelekea sokoni ni habari za soko.

Kuna hoja ya mahali, na hii ninaiheshimu. Wanasema Kolwezi si Nagoya: huku kuna joto, vumbi na mwinuko, na wahandisi wa Kijapani hawakutufikiria. Tuanze na joto. Septemba na Oktoba, kabla mvua haijashika, tunapata nyuzi 30 na zaidi kidogo. Ndugu zetu wa Muscat hupita 40 kila kiangazi, na Toyota zao hukimbia jangwani zikiwa na themostati tumboni. Mwinuko ndio hoja yenye uzito. Mji uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 14 kuliko ya Mombasa au Dar es Salaam. Feni ile ile, kwa kasi ile ile, inasukuma hewa pungufu kwa kiasi hicho, ilhali turbo inajikaza kuirudishia injini hewa iliyokosa, kwa hiyo joto linalozalishwa halipungui kwa kiasi hicho. Ndiyo maana rejeta kubwa ni uamuzi sahihi hapa. Na maji ya sufuria wazi huchemka Kolwezi kwenye nyuzi 95 hivi. Lakini mfumo wa gari si sufuria wazi. Kifuniko kizima cha 1.1 ba kinakisogeza kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 119, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu inakisogeza mbele zaidi. Mwinuko unatudai rejeta, feni zenye kava na kifuniko kinachoshika shinikizo. Haujatudai tuitoe themostati.

Tena wanaolia joto husahau Juni na Julai. Usiku wa kiangazi chetu huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, na asubuhi injini isiyo na themostati hutembea kilometa nyingi ikiwa vuguvugu. Kompyuta ya injini, ikisoma maji ya nyuzi 60, huamini kwamba gari ndiyo kwanza limewashwa na kuendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, nyingine huteremka hadi kwenye sampu, na unyevu ambao ungekauka kwa oili iliyopata moto hubaki humo. Mwenye gari anaona matumizi yamepanda na kulaumu plagi. Mwaka ukipita ringi zimekwisha, na hakuna atakayekumbuka ndoo ya vyuma chakavu.

Hapa ndipo ninapowakumbuka wa zamani, mtaniwia radhi. Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo wazee wa Katanga hawahitaji kuelezwa. Feni ya 404 ilishikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi iliachiwa, yakipata moto ikaungwa na injini. Waliolibuni gari lile walielewa kwamba kazi ya mfumo wa kupoza ni kushikilia joto mahali pake, na walilitengenezea chombo hata upande wa hewa. Miaka 25 baadaye Toyota ilileta Celica GT-Four ya ST185, ambayo toleo lake la mashindano lilipoza hewa ya turbo kwa maji yenye mzunguko wake peke yake. Carlos Sainz alishinda nayo Safari ya 1992, Juha Kankkunen ya 1993, Ian Duncan ya 1994 na Yoshio Fujimoto ya 1995. Injini yake ni jamaa ya karibu ya hii hii 3S-GTE inayovuliwa themostati kwetu. Hao walikuwa na kila sababu ya kuogopa joto: vumbi, matope, maelfu ya kilometa. Walijibu kwa kuongeza mizunguko na kuitawala. Leo mtu ananunua rejeta ya bei kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi, kisha anaondoa kitu pekee kilichokuwa kikiitawala.

Na kwa kuwa tumeshafika kwenye rejeta, acha nirudie wimbo wangu wa siku zote kuhusu shaba. Rejeta za zamani zilikuwa za shaba na shaba nyeupe. Shaba hupitisha joto kuliko alumini kwa zaidi ya mara moja na nusu, na tundu lake lilizibwa kwa risasi na bati katika garaji yoyote kuanzia Dilolo hadi Kasumbalesa. Alumini ni nyepesi mara tatu, mirija yake inaweza kuwa mipana, na kwa gari la kasi hoja hiyo inashinda; sitabisha. Ila rejeta ya alumini ikitoboka katika eneo ambalo mkoa wake mzima uliwahi kuitwa Shaba, tunamtafuta mchomeleaji wa gesi ya argoni na kumkosa, halafu tunamimina unga wa kuziba matundu, au ute wa yai, ambao unaziba tundu moja na mirija kumi. Balaa jingine ni maji ya kisima. Miamba yetu yenye madini ni ya dolomiti, na maji yanayopita humo hubeba chokaa na magnesi. Yakichemshwa kila siku huacha gamba jeupe kwenye kuta za ndani, gamba linalozuia joto vibaya kuliko vumbi la barabarani linavyoziba mapezi ya nje. Nina shaka kubwa kwamba injini nyingi zilizohukumiwa kwa kosa la themostati ziliuawa na ndoo ya maji hayo, na nyingine na mapezi yaliyosongamana mno kwa barabara za udongo mwekundu.

Inabaki hoja ya mwisho, nayo ni ya pochi: themostati za sokoni ni bandia, zinagoma zikiwa zimefungwa, na iliyogoma imefungwa inaua injini kwa dakika chache. Kweli tupu. Dawa yake ni kuipima kabla ya kuifunga, na mafundi wengi hupima: wanaitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, wanaweka kipimajoto, wanawasha moto. Ila hapa mwinuko unawachezea mchezo ambao nadhani umepeleka themostati nyingi nzima kwenye ndoo. Kitabu kinadai milimita 8 kwenye nyuzi 95, na maji ya Kolwezi huchemka kwenye nyuzi hizo hizo, kwa hiyo fundi anafika mwisho wa joto lake kabla hajaona uwazi kamili. Akiwa na themostati ya nyuzi 88, inayofunguka kabisa karibu na nyuzi 100, hatauona kamwe. Atasema imekufa, kumbe ni maji yake yaliyokata tamaa mapema. Achemshe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu, ambayo hata kwa mwinuko wetu huvuka nyuzi 100 ndipo ichemke. Afanye hivyo nje penye hewa, kile kivali kidogo cha kutoa hewa akielekeze juu wakati wa kufunga, na sufuria ile isirudi tena jikoni, maana kulanti ni sumu.