Nakshi Pembeni, Rangi Katikati: Namna Irma Stern Alivyoichora Unguja

Mwonyeshe seremala wa Bondeni, Mombasa, picha inayoitwa "Arab Priest", ambayo Irma Stern aliichora Unguja mwaka 1945, na naamini jicho lake litatua kwanza kwenye mbao. Fremu yake imetokana na mbao za nakshi za milango ya Zanzibar, na Stern aliivisha hivyo picha yake zaidi ya moja. Wachambuzi wengi huitaja fremu kwa sentensi moja, kisha wakarukia uso. Mimi naona picha hizi hazieleweki mpaka uanzie pembeni.

Stern alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, Afrika Kusini, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Alisomea uchoraji Weimar na Berlin, ambako Max Pechstein, mmoja wa wachoraji wa Ekspreshonisti, alimshika mkono, na shule ile ya wachoraji ikampa ruhusa ya kupaka rangi kama moyo unavyoiona. Mwaka 1920 alirudi Cape Town. Wanazi walipotwaa Ujerumani, na baadaye vita vikaanza, safari zake zikaelekea Afrika: Unguja mwaka 1939, Kongo mwaka 1942, kisha Unguja tena mwaka 1945.

Sasa tuuangalie mkono wake. Rangi ya mafuta aliipaka nzito, kwa haraka, na mapito ya brashi akayaacha wazi. Mikunjo ya kilemba au shavu la mtu haikusawazishwa ilainike. Unaiona njia ambayo brashi imepita, na ukingo wa rangi umeinuka kiasi cha kutupa kivuli chake mwenyewe. Taa ikimulika kutoka ubavuni, uso wote wa picha unakuwa na matuta na mabonde.

Na nakshi nayo ni kazi ya kivuli. Tazama milango ya Ndia Kuu, pale Mji wa Kale wa Mombasa, jua linapoinama: patasi imechimba kidogo tu, lakini mwanga wa pembeni unalitoa kila jani. Hapo ndipo Stern alipopatia. Rangi nyembamba, iliyolainishwa, ingemezwa na mbao zile. Jicho lingebaki kwenye fremu. Rangi yake nene ilikuwa na uwezo wa kusimama nazo, kwa kuwa zote mbili zinategemea mwanga uleule. Tena mbao nyeusi-nyeusi zikiizunguka njano au nyeupe, rangi hiyo inawaka zaidi kuliko ingekuwa ukutani peke yake.

Kuna jambo jingine, na hili seremala atalishika upesi kuliko mwanahistoria. Nakshi ya mlango ina mwanzo na mwisho. Kwenye miimo mara nyingi huanza chini, penye samaki au mawimbi, ikapanda na mti wake mpaka kizingiti cha juu, ambako milango mingi ina maua au maandishi ya Qurani. Mnyororo huzunguka ukingoni. Ukiikata mbao hiyo vipande vinne vya kuzunguka turubai, kupanda kule kunakatika. Kipande kilichosimama wima sasa kinalala. Kinachobaki ni mrudio: jani, jani, jani, kwa kipimo kilekile cha mchongaji mtulivu. Katikati yake yuko mchoraji mwenye pupa. Utulivu huo ndio unaoibana pupa isimwagike, na kwangu picha zake za Unguja zinazidi nyingi alizochora kabla ya hapo kwa sababu hii hasa.

Lakini zilipata nguvu hiyo kwa mkono wa mtu mwingine. Mwaka 2011 "Arab Priest" iliuzwa London, katika mnada wa Bonhams, kwa zaidi ya pauni milioni 3, na jina lililotangazwa lilikuwa moja. Mchongaji aliyepima majani yale na kuyachimba moja moja hakutajwa, wala nyumba ambayo mbao zake zilitoka. Hili linaniuma, maana ufundi huo si mapambo yaliyookotwa. Ni nusu ya hesabu ya picha.

Basi wanaozichapa picha hizi vitabuni wasiikate fremu, kama inavyofanyika mara nyingi. Na kibao cha ukutani, pale kinapoandika rangi ya mafuta juu ya turubai, kiongeze mstari mmoja: mbao za mlango, zimechongwa na fundi wa Zanzibar.